Nozo sita kwenye kipande cha khanga: historia fupi ya kupima mfumo wa mafuta nje ya gari

Mwaka juzi nikiwa likizo nyumbani Rubwera, mjomba alinipa kazi ya kubeba kifurushi kidogo kwenda Karagwe, upande wa Omurushaka. Ndani kulikuwa na nozo sita za Land Cruiser yake, zimeviringishwa kwenye kipande cha khanga kuukuu na kila moja imefungwa uzi wenye karatasi ya namba: 1, 2, 3 mpaka 6. Gari lenyewe ni la injini ya 1HZ, ile ya silinda sita na lita 4.2 ambayo Toyota waliitoa mwaka 1990 na ambayo ukikaa barabara ya kwenda Murongo kwa saa moja lazima uisikie ikipita. Msimu wa kahawa hubeba kahawa, msimu mwingine hubeba watu, harusi na misiba.

Shida ilikuwa hii: likipanda mlima linatoa moshi mweusi, linakosa nguvu, na mafuta linakunywa kama limelaaniwa. Fundi wa kwanza alilisikiliza likiwa sailensa (yaani linanguruma tu bila kukanyagwa), akatikisa kichwa. "Mzee, nozo zote zimekufa. Nunua sita mpya." Mjomba akapiga hesabu kimya kimya. Bei ya nozo sita ilikuwa inakaribia ada ya binamu yangu ya muhula mzima. Akauliza swali ambalo mimi, pamoja na digrii yangu ya kwanza ya uhandisi, sikuwa nimelifikiria: "Umejuaje kwamba ni zote?"

Fundi hakuwa na jibu. Hakuwa mwongo pia. Injini ikiwa inafanya kazi, nozo iko ndani ya kichwa cha injini, imefunikwa, na kazi yake inaisha ndani ya elfu chache za sekunde. Unachokiona wewe ni moshi, na moshi ni wa silinda zote sita kwa pamoja.

Huko nilikotumwa nilimkuta fundi mzee mwenye kifaa kimoja tu cha maana mezani: pampu ndogo ya mkono yenye wenzo, tangi dogo la mafuta juu yake, saa ya kupimia presha, na bomba fupi la chuma. Alifunga nozo namba 1 kwenye bomba, ncha ikielekea chini kwenye chupa ya plastiki iliyokatwa, akavuta wenzo polepole. Mshale wa saa ukapanda: 80, 100, 120, 140. Karibu na bar 150 nozo ikalia "krrr!" na ukungu mwembamba kama pia iliyogeuzwa ukatoka nchani. Akasema, "Hii nzima." Kisha akafanya jambo ambalo nililipenda zaidi. Alipandisha presha mpaka kidogo chini ya ile ya kufungulia, akashikilia, akahesabu mpaka kumi huku akiitazama ncha. Ilibaki bila tone. Akanipa wenzo nijaribu mwenyewe, lakini kwanza akanipiga kofi dogo mkononi maana nilikuwa nimeweka kidole karibu na ncha. Mafuta yakitoka kwa presha ile yanapenya ngozi kama sindano ya hospitali, na jeraha lake linaonekana dogo sana siku ya kwanza huku nyama ya ndani inaharibika. Kama umewahi kupata ajali hiyo, usisubiri ivimbe, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Matokeo: nne nzima. Namba 4 ilikuwa inadondosha kabla ya kufunguka. Namba 5 ilifunguka kwenye bar 110 tu, springi yake imechoka. Tukanunua ncha moja, na namba 5 ikaongezewa washa nyembamba kama karatasi juu ya springi mpaka ikarudi kwenye 150. Nikiwa kwenye basi kurudi nikawa najiuliza: nani aliwaza kwanza kwamba kipande hiki kinaweza kuulizwa maswali kikiwa peke yake, mbali na injini?

Jibu linaanzia mahali ambapo swali lenyewe halikuwepo. Rudolf Diesel aliomba hataza ya injini yake mwaka 1892, na tarehe 17 Februari 1897 kule Augsburg, Ujerumani, Profesa Moritz Schröter aliipima rasmi na kupata ufanisi wa asilimia 26.2, kiasi ambacho injini za mvuke za wakati ule zilikuwa zinakisikia tu. Lakini injini ile haikuwa na pampu ya mafuta kama tunayoijua. Mafuta yalipulizwa ndani ya silinda kwa hewa iliyogandamizwa na kompresa, na kompresa hiyo ilikuwa kubwa, nzito na yenye matatizo yake. Injini kama hiyo inafaa kiwanda au meli. Ilikaa sehemu moja, ilikuwa na fundi wake, na ukitaka kujua kama mafuta yanaingia vizuri unaitazama yenyewe. Diesel alifariki mwaka 1913, alipotea usiku akiwa kwenye meli inayovuka kwenda Uingereza, kabla ya kuona injini yake ikiingia kwenye lori la kawaida.

Wenzake na waliomfuata ndio waliokuwa wakihangaika kuiondoa kompresa. Prosper L'Orange wa kampuni ya Benz alipata hataza mwaka 1909 ya kuchomea mafuta kwanza kwenye chumba kidogo kando ya silinda, wazo ambalo ndugu zake wa karibu wamo mpaka leo ndani ya 1HZ ya mjomba. Kilichobaki kilikuwa pampu: kifaa kidogo kinachoweza kusukuma tone la mafuta kwa presha kubwa, kwa wakati sahihi, mara elfu kwa dakika, bila kuchoka. Mwishoni mwa 1922 Robert Bosch aliamua kampuni yake iingie kwenye kazi hiyo, na mwaka 1927 pampu zao zikaanza kutoka kiwandani kwa wingi.

Hapa ndipo, kwa maoni yangu, kitu kikubwa kilitokea, na vitabu vingi vinakipita haraka kwa sababu vinashangilia injini. Kabla ya hapo, aliyetengeneza injini ndiye aliyetengeneza kila kitu chake. Sasa pampu inatengenezwa na kampuni moja, inauzwa kwa kampuni nyingine, inafungwa kwenye injini ambayo mtengeneza pampu hajawahi kuisikia ikinguruma. Anawezaje kuuza kitu hicho na kusema ni kizima? Lazima atengeneze injini ya uongo: mota inayozungusha pampu kwa kasi unayotaka, mabomba ya urefu na kipenyo kilichokubaliwa, nozo za kupimia ambazo hazifungwi kwenye gari lolote, na mwisho wake mirija ya kioo yenye mistari. Hiyo ndiyo benchi ya pampu. Inakuja na karatasi: kwa mizunguko hii, baada ya mipigo elfu moja, kila mrija uwe na kiasi hiki, tofauti isizidi kiasi hiki.

Kwa nini mipigo elfu? Tufanye hesabu pamoja, si ngumu. Chukua 1HZ inayotembea kwa mizunguko 2,000 kwa dakika na kutumia, tuseme, lita 12 kwa saa. Kila silinda inapigiwa mafuta mara moja kwa kila mizunguko miwili, yaani mara 1,000 kwa dakika. Silinda sita, dakika 60: mipigo 360,000 kwa saa. Gawanya lita 12 kwa hiyo, unapata kama milimita za ujazo 33 kwa mpigo. Hilo ni tone moja kubwa la mvua, lenye kipenyo cha milimita 4 hivi. Hakuna binadamu anayeweza kutofautisha tone la 33 na tone la 31 kwa macho. Lakini piga mara elfu, na tone la 33 limekuwa mililita 33 ndani ya mrija, na lile la 31 limekuwa mililita 31, yanasimama pembeni kwa pembeni na mtoto wa darasa la nne anaona upi umepungua. Benchi haifanyi uchawi wowote zaidi ya kuzidisha kwa elfu.

Usahihi wenyewe unaopimwa unatisha. Plunja ya pampu na nyumba yake vina nafasi kati yao ya mikroni mbili au tatu hivi. Unywele wa mtu una kama mikroni 70. Hakuna ringi wala mpira wa kuzuia mafuta yasipite, kinachozuia ni ubora wa kusagwa tu. Ndiyo maana plunja na nyumba yake, au sindano ya nozo na mwili wake, ni mke na mume: huwezi kuchukua sindano ya hii ukaiweka kwenye ile. Na ndiyo maana mafuta ya kupimia si dizeli ya kituoni. Benchi zinatumia mafuta maalumu yanayofuata kiwango cha ISO 4113, ambayo uzito wake wa kumiminika unajulikana, na joto lake hushikiliwa karibu nyuzi 40. Bila hivyo, fundi wa Mwanza asubuhi yenye baridi na fundi wa Dar es Salaam mchana wa Februari wangepima pampu ile ile na kupata majibu mawili.

Huku kwetu benchi na pampu ya mkono zimekuwa na maisha tofauti kabisa. Benchi inataka umeme wa fezi tatu, usiokatika katikati ya mipigo elfu, na inataka malori mengi kuzunguka ili ijilipe. Kwa hiyo hukaa kwenye miji mikubwa. Kagera, ambayo kwa miaka mingi umeme wake umekuwa ukitoka Uganda, haikuwa mahali rahisi pa kuweka mashine kama hiyo, sembuse Kyerwa, ambayo ilipewa hadhi ya wilaya inayojitegemea mwaka 2012 tu kwa kumegwa kutoka Karagwe. Pampu ya mkono haitaki umeme wala jengo. Inataka meza isiyotikisika. Kwa hiyo ndiyo iliyopanda milima.

Fundi mzee aliniambia alijifunza kazi hiyo miaka ya mwanzo ya themanini, na hicho ni kipindi cha kukitazama vizuri. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, na mwanzoni mwa Novemba daraja la Kyaka likavunjwa. Serikali ilichukua malori na mabasi ya watu na mashirika kupeleka askari na vifaa mbele. Vita vilipoisha mwaka 1979 magari yaliyorudi yalikuwa yamechoka, bei ya mafuta duniani imepanda, na fedha za kigeni za kununulia spea hazipo. Hebu fikiria uko kwenye gereji wakati huo. Nozo mpya haipatikani hata ukiwa na hela. Hapo kifaa cha kupimia kinabadilika kazi: badala ya kukuambia kipi cha kutupa, kinakuambia kipi bado kinaokoleka. Mafundi walisaga kiti cha sindano kwa mkono na dawa laini ya kusagia, wakapima, wakasaga tena, wakapima tena. "Nozo moja ungeweza kukaa nayo siku nzima," aliniambia, "lakini lori la watu limelala, utafanyaje?"

Biashara ilipofunguliwa na magari yaliyotumika ya Kijapani yakaanza kumiminika, spea zikapatikana, zikiwemo za bandia, na ugonjwa ukabadilika. Ukaja kwenye mafuta yenyewe. Wasomaji wenye umri wangu mnakumbuka neno "kuchakachua" lilivyoshika kasi mwaka 2010, mpaka kura na mitihani ikawa inachakachuliwa. Asili ya umaarufu wake ilikuwa kituo cha mafuta. Mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo kuliko dizeli, kwa hiyo mtu anachanganya, anauza kwa bei ya dizeli, anaweka tofauti mfukoni. Mwaka huo huo EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili kuyatambua yaliyochanganywa na yale ya kwenda nchi jirani yanayoshushwa njiani, na bajeti ya 2011/12 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya ife.

Lakini pampu zilikuwa zimeshakula. Pampu ya mzunguko kama iliyopo kwenye 1HZ haina mafuta ya kulainisha ya kwake. Inalainishwa na dizeli inayopita ndani yake. Mafuta ya taa ni membamba, hayalainishi vizuri, na ile nafasi ya mikroni mbili tatu inakwaruzika na kupanuka. Dalili yake madereva wanaijua vizuri kuliko sisi: gari linawaka vizuri asubuhi, ukilizima likiwa la moto halitaki kuwaka tena. Stata inazungusha injini taratibu, mafuta ya moto yamekuwa membamba zaidi, yanarudi nyuma kupitia mikwaruzo badala ya kwenda kwenye nozo. Ndiyo maana utamwona dereva anamwagia pampu maji ya baridi kisha anapiga stata na gari linawaka, watu wanashangilia. Ni fizikia safi: amepooza mafuta, yamekuwa mazito, yameziba nafasi kwa muda. Ni matibabu mabaya (chuma cha moto na maji ya ghafla havipendani), lakini kama kipimo cha nje ya benchi si kibaya hata kidogo.

Kuna jambo jingine ambalo karatasi za kiwandani hazilijui mpaka uliambie benchi: mlima. Kwenye kimo cha mita 1,500 hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 14 kuliko ya usawa wa bahari. Pampu iliyopimwa ikatoa kiasi sahihi kwa injini ya Dar es Salaam itamwaga mafuta mengi kuliko hewa iliyopo kwenye vilima vya Karagwe na Kyerwa, na ziada hiyo ndiyo moshi mweusi. Pampu nyingine zina kifaa cha kujirekebisha kwa kimo, nyingi hazina. Kwa hiyo fundi pampu mzuri anakuuliza kwanza gari linaishi wapi. Asipokuuliza, mwambie.

Na hapa lazima nikiri jambo kuhusu Land Cruiser ya mjomba. Tulirudisha nozo, gari likapata nguvu, mlio ukalainika. Moshi ukapungua lakini haukuisha. Ilibidi siku mbili zipite ndipo mtu akafungua nyumba ya filta ya hewa, na vumbi jekundu la kwetu likamwagika kama unga. Benchi na pampu ya mkono zina uwezo wa kuitoa nozo hatiani. Haziwezi kukuambia mkosaji ni nani, kwa sababu zimeondoa kila kitu kingine kwa makusudi: joto la injini, mgandamizo, hewa, vumbi. Nimewaona wanafunzi wenzangu maabara wakisahau hilo na vipimo vya thamani kubwa zaidi.

Magari ya petroli nitayapita haraka. Enzi za kabureta kipimo kilikuwa mdomo wa fundi na hewa ya kompresa. Injekta za sasa nyingi hufanya kazi kwenye presha ya bar tatu hivi, zinapimwa kwenye mashine yenye mirija ya kioo ile ile, na kusafishwa kwenye beseni la mawimbi ya sauti. Rahisi, salama kiasi, na mashine zake za Kichina zimeanza kuonekana hata kwenye gereji za kawaida.

Dizeli za kisasa ndizo zinazonitia hofu. Mwaka 1995 Denso walitoa mfumo wa komoni reli kwenye malori ya Hino, na 1997 Bosch wakaufikisha kwenye gari dogo, Alfa Romeo 156. Pampu sasa haigawi matone. Inajaza bomba moja kwa presha kubwa muda wote, na injekta za umeme zinafunguka kwa amri ya kompyuta, mara kadhaa kwa mpigo mmoja. Mifumo ya mwanzo ilikuwa na bar 1,350. Ya sasa inapita 2,000. Sasa, kizazi kizima cha mafundi wetu kilifundishwa njia ya kutafuta silinda mbovu bila kutoa kitu: injini ikinguruma, unalegeza nati ya bomba la nozo moja moja, ukilegeza na mlio usibadilike, umeipata. Kwenye 1HZ utajichafua mikono. Kwenye komoni reli, kulegeza nati ile injini ikifanya kazi kunaweza kukukata. Kijana anayejifunza kwa kumtazama mzee wake hana namna ya kuijua tofauti hiyo kwa macho, bomba ni bomba. Aambiwe.

Na pampu ya mkono ya fundi wangu haina la kufanya hapo. Injekta ya komoni reli haifunguki kwa presha peke yake, inasubiri umeme. Bado kuna kipimo kimoja cha kimaskini kinachofanyika hapo hapo kwenye gari: unaunganisha mipira midogo ya plastiki kwenye njia za kurudisha mafuta, kila mmoja unaingia kwenye chupa yake, unawasha injini na kuangalia chupa ipi inajaa haraka. Injekta inayorudisha mafuta mengi kuliko wenzake imechakaa. Ni mirija ya kioo imerudi, kwa umbo la chupa za maji ya dukani. Zaidi ya hapo, injekta inafungwa kwenye boksi na kutumwa kwa basi hadi palipo na mashine ya kompyuta, na inarudi na karatasi yenye namba, pamoja na kodi yake mpya ya kuandikwa kwenye kompyuta ya gari.

Jirani ya mjomba ana Hilux ya aina hiyo. Mwezi uliopita injekta zake nne zilirudi na karatasi yake, moja ikiwa imeandikwa haifai. Akamletea mjomba aisome, kwa kuwa mjomba sasa anajulikana mtaani kuwa anaelewa nozo. Mjomba akanipigia picha ya karatasi ile na kunitumia, na chini yake akaandika: "Mjomba wangu, hapa mrija uko wapi?"

Nilimpigia tukaanza na mstari wa kwanza.